Mohamedi bin Ali Yupi?

Ukitaka kumjua fundi wa nasaba, mpe majina mawili yanayofanana, kisha mtazame. Mwenye haraka atayaunganisha papo hapo na kwenda zake. Fundi atauliza. Mama yake nani? Alioa wapi? Kazikwa wapi? Na aliyetoa habari hii, yeye aliipata kwa nani?

Kwa watu wa Vanga maswali hayo si ya kujisumbua bure. Katika mji huu wa wavuvi uliojibanza kati ya mikoko na mpaka wa Kenya na Tanzania, kama kwingi pwani, mtoto wa kiume aghalabu hupewa jina la babu mzaa baba. Ali anamzaa Mohamedi, Mohamedi anamzaa Ali, Ali anamzaa Mohamedi. Panda vizazi sita, utakuta majina mawili tu yakipokezana zamu. Ndugu watatu wa tumbo moja kila mmoja akimpa mwanawe jina la baba yao, nyumba inapata wajukuu watatu wa jina moja wanaocheza ua mmoja. Barazani hakuna anayechanganyikiwa, maana huyu ni Mohamedi Mrefu, yule ni Mohamedi wa Jimbo, na wa tatu hata jina hana tena, yeye ni Nahodha. Lakabu ndiyo inayomtenga mtu na wenzake, na lakabu ndiyo ya kwanza kupotea karani anaposhika kalamu.

Karibu kila ukoo una mtu wake mmoja anayeshika mambo haya. Zamani tulimtarajia awe mzee. Siku hizi huenda akawa binti wa miaka thelathini mwenye simu nzuri na masikio mazuri zaidi. Kazi yake huchangamka msibani. Kisomo kimekwisha, jamaa waliovuka kutoka Tanga, Pemba na Mombasa wamekaa mkekani wakinywa kahawa, na mmoja anamwuliza mwenzake, wewe ni wa nyumba gani? Hapo ndipo mlango unapofunguka. Mtunza nasaba anayejua kazi hachomoi daftari. Anawaacha wazee wabishane, maana katika ubishi hutoka majina ambayo swali la moja kwa moja lisingeyatoa. Usiku ndipo anapoandika, na kesho yake anamrudia kila mmoja peke yake.

Watunza nasaba nawahusudu hasa kwa namna wanavyouliza. Kiswahili cha nyumbani kina ukarimu ambao ni mtego kwa mwandishi wa nasaba. Mzee akisema "baba yangu Omari", huenda Omari ni baba mdogo aliyemlea. Akisema "ndugu yangu", huenda ni mtoto wa ami. Akimtaja bibi, huenda ni dada wa bibi. Kwa hiyo fundi hujifunza kuuliza bila kuudhi: huyo Omari ndiye aliyekuzaa? Huyo dada ni wa tumbo moja, au baba mmoja mama mbalimbali? Swali la namna hii likiulizwa kwa ukavu linasikika kama tuhuma, kana kwamba unamtoa mtu nyumbani kwake. Likiulizwa kwa adabu, tena na mtu anayejulikana, mzee hulijibu na kuongeza mengine matatu juu yake.

Watu wa mji huu wana sababu nyingine ya kuwa hodari. Ukoo wao ulipitiwa na mstari. Mkataba wa Uingereza na Ujerumani wa mwaka 1886 uliuanzisha mpaka wa nchi hizo pwani hapa, kwenye eneo la mto Umba, ukaupeleka bara kuelekea Kilimanjaro. Vanga ikabaki upande wa Waingereza, Jasini upande wa Wajerumani, na kati yao ni mwendo wa miguu. Hakuna aliyeulizwa binamu zake wako wapi. Matokeo yake ni kwamba habari za nyumba moja zimelala katika nchi mbili: cheti cha ndoa kwa kadhi upande mmoja, kaburi upande wa pili, shamba la minazi lenye kesi huku, na mashahidi wa kesi kule. Ukitaka kuandika nasaba ya Vanga ukiwa Vanga peke yako utaandika nusu yake. Lazima uwe na mwenzio Moa au Tanga mjini, na mwingine Pemba, na siku hizi mwingine Maskati au London. Kazi hii ilikuwa ya ushirika hata kabla mtu hajaota intaneti.

Na ilikuwa imeandikwa pia. Jirani na Vanga yapo magofu ya Vumba Kuu, mji wa kale wa Wavumba, ambao watawala wake waliitwa madiwani, na ambao nguvu yake baadaye ilihamia kisiwani Wasini na Vanga. Mwaka 1900 afisa mmoja wa Kiingereza, A. C. Hollis, alichapisha habari za Vumba alizozipata kwa wenyeji, pamoja na orodha ya madiwani wake. Mwaka 1939 A. E. Robinson aliirudia Vumba katika jarida la Tanganyika Notes and Records, na mwaka 1949, katika jarida hilo hilo, E. C. Baker akaandika habari za Wasegeju, majirani ambao historia yao haitengani na ya Vumba. Mwaka 1975 William McKay akawasilisha tasnifu katika Chuo Kikuu cha Boston kuhusu historia ya pwani hii ya kusini kabla ya ukoloni. Majina yaliyo juu ya majalada ni ya Wazungu, lakini soma ndani yake utasikia sauti za watu wa Vanga na Wasini waliokaa wakahesabu babu zao mbele ya mgeni. Wao ndio waandishi, na ningependa siku moja majalada yaseme hivyo.

Katika orodha hizo utaona tatizo la Mohamedi wawili likiwa limevaa joho. Mtawala alikuwa na jina la kuzaliwa na aliweza kuwa na jina la kutawalia. Sharifu Abubakar wa Masela Ba Alawi, aliyeshika udiwani na kuuingiza katika nyumba ya masharifu, anajulikana pia kama Diwani Ruga. Asiyejua angewaandika watu wawili, akampa kila mmoja miaka yake na watoto wake, na mstari mzima ungeongezeka kizazi kisichokuwako. Aliyejua alimwandika mtu mmoja mwenye majina mawili. Kosa hapa lingekuwa ni kutenganisha. Ndiyo maana kazi hii haina kanuni moja ya kukariri. Mahali pengine ujuzi ni kuona mtu mmoja chini ya majina mawili, na mahali pengine ni kuona watu wawili chini ya jina moja.

Masharifu hao wa Ba Alawi walikuwa na utaratibu ambao bado sijaona uliouzidi. Nasaba zao zilitapakaa Hadhramaut, Uhindi, Java na pwani yetu, na katika karne ya 19 mufti wa Tarim, Abdurahman al-Mashhur, aliyefariki mwaka 1902, alizikusanya katika kitabu chake Shams al-Zahira. Katika mji ambao leo ni Jakarta, jumuiya ya Rabithah Alawiyah iliyoanzishwa mwaka 1928 ingali inahifadhi na kuthibitisha nasaba hizo. Mtu haongezi jina lake mwenyewe kwa kupenda. Huleta ushahidi, wenye kujua wakautazama, ndipo akaandikwa. Ukiondoa karatasi ukaweka skrini, huo ndio utaratibu ambao miti ya pamoja ya mtandaoni imekuwa ikijaribu kuujenga upya, kwa watu wa kila namna, na bila mufti.

Hapo mwanzo kompyuta haikuleta ushirika wowote. Kila mtu alikuwa na faili lake. Mwaka 1984 ilitolewa GEDCOM, namna ya kuandika nasaba ambayo programu tofauti zinaweza kuisoma, na watu wakaanza kupeana mafaili. Wakapeana na makosa. Babu aliyekosewa katika faili moja alinakiliwa katika mafaili mia, na aliyekosea wa kwanza hakuwa na njia ya kuwaambia wengine kwamba amekwisha kujisahihisha. Geni, iliyoanza 2007 na kununuliwa na MyHeritage mwaka 2012, WikiTree iliyoanzishwa na Chris Whitten mwaka 2008, na mti wa FamilySearch, unaoendeshwa na Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho kutoka Utah, miti hii yote imeshika njia nyingine. Marehemu mmoja ana ukurasa mmoja, na wazao wake wote wanaujenga ukurasa huo huo. Hakuna tena "mti wangu" na "mti wako" kwa babu tunayemchangia.

Wengi huona faida ya hapo kuwa ni wingi wa majina. Mimi naona faida kubwa iko katika kitu kidogo ambacho wageni hukipita bila kukitazama, nacho ni kumbukumbu ya mabadiliko. Kila aliyegusa ukurasa ameacha alama: alibadilisha nini, lini, na, kama ni mstaarabu, kwa nini. Mahali pa kuandika sababu panaweza kuachwa patupu, na wengi hupaacha hivyo. Ukitaka kuwajua mafundi katika mti wa pamoja usihesabu majina waliyoongeza. Soma sababu zao.

Tuchukue mfano wa kutunga, ila wa namna inayotokea kila siku. Binamu aliyeko Tanga ameandika katika mti kwamba bibi yake mkuu aliitwa Mwanahamisi binti Saidi, akafia Moa. Binamu wa Vanga anaye Mwanahamisi binti Saidi aliyeolewa Wasini. Mashine inawaona wawili hao, inafurahi, inapendekeza waunganishwe. Majina ni yale yale, pwani ni ile ile, na kila mmoja ana mtoto aitwaye Hamadi. Kubonyeza kitufe ni kazi ya nukta moja.

Fundi habonyezi. Anatafuta kwanza kipimo cha wakati, na kwa kuwa hakuna hata mmoja kati ya wanawake hao aliyekuwa na cheti cha kuzaliwa, anatafuta tukio. Kwa Waafrika wa Kenya usajili wa vizazi na vifo ulikuja kwa kuchelewa, ukaenea nchi nzima kisheria mwanzoni mwa miaka ya 1970 tu. Kabla ya hapo miaka huhesabiwa kwa mambo yaliyowapata watu wote. Kuna njaa ya Mwakisenge katika miaka ya 1880, na njaa ya Magunia karne ya 19 ilipokuwa inakwisha. Kuna vita vya Jasini, tarehe 18 na 19 Januari 1915, Wajerumani walipoizingira ngome ya Waingereza hatua chache kutoka hapa mpaka ikasalimu amri. Kuna mafuriko makubwa ya mwaka 1961, mapinduzi ya Unguja ya 1964, na kufungwa kwa kiwanda cha sukari cha Ramisi mwaka 1988. Mzee asiyejua mwaka aliozaliwa shangazi yake atakwambia bila kusita kwamba mafuriko yalimkuta akinyonyesha.

Basi jamaa wa Tanga anaulizwa, na anajibu kwa ujumbe wa sauti kwamba mtoto mkubwa wa bibi huyo, Saidi, alikamatwa kubeba mizigo wakati wa vita vya Wajerumani. Kijana wa kubeba mizigo mwaka 1915 hakuzaliwa baada ya 1900 kwa mbali, na mamaye basi hakuzaliwa baada ya 1885 au hapo karibu. Jamaa wa Vanga anasema kifungua mimba wa bibi yake alizaliwa mwaka wa mafuriko. Aliyejifungua mtoto wa kwanza 1961 hawezi kuwa na mwana mtu mzima mwaka 1915. Hawa ni wanawake wawili, na wamepishana kama miaka hamsini.

Angeishia hapo kazi ingekuwa imekamilika vya kutosha. Lakini jina limebaki linamwasha. Saidi mbeba mizigo alipewa jina la babu yake mzaa mama. Akipata binti, atampa jina la nani? La mama yake, bila shaka. Naye huyo binti ataitwa Mwanahamisi binti Saidi. Bibi na mjukuu, jina moja na jina la baba moja, vizazi viwili kati yao. Yule wa Wasini huenda ni mjukuu wa yule wa Moa. Kitufe kile kingebonyezwa, mjukuu angemezwa na bibi yake, Saidi angefutika katikati, na nyumba mbili zilizo na udugu wa kweli zingeonyeshwa udugu wa uwongo.

Huenda, nimesema. Hapo ndipo namvulia kofia fundi huyu. Haandiki kwamba Mwanahamisi wa Wasini ni binti wa Saidi, ingawa moyo umeshakubali. Katika WikiTree ipo alama ya kuonyesha kwamba mzazi hajathibitishwa, na ipo namna ya kuziacha kurasa mbili zikitazamana, zikiwa zimetajwa kuwa huenda ni za mtu mmoja lakini hazijaunganishwa, mpaka ushahidi upatikane. Ipo pia namna ya kukataa mechi kabisa, na kukataa huko kukabaki kwenye ukurasa ili mwingine asije mwaka ujao akarudia kosa. Nimeona programu nyingi zinazomsukuma mtu aseme ndiyo. Programu yenye mahali pa kusema "bado" ilitengenezwa na mtu aliyewahi kufanya kazi hii kwa mikono.

Makosa yakishaingia, kuyatoa ni ufundi wa peke yake. Watu wawili waliounganishwa kimakosa huja na watoto wao, wake zao na vyeti vyao, na baada ya mwaka jamaa wengine wamekwisha kujenga juu yake. Mvuvi anayeshona wavu uliochanika hukata kwanza nyuzi zilizoning'inia, tundu likawa kubwa kuliko lilivyokuwa, ndipo aanze kufunga jicho kwa jicho kutoka penye uzima. Mrekebisha nasaba hufanya hivyo hivyo. Anaondoa kila uhusiano usio na shahidi, ukurasa unabaki mkavu, jamaa wanalalamika kwamba amewafutia babu, naye anajibu kwa upole kila mmoja na kuanza kurudisha yale tu yanayoweza kusimama. Shukrani huwa chache.

Lakini miti hii haikushonwa kwa kipimo chetu, na inabana mahali. Kisanduku cha kwanza huuliza jina la ukoo. Mohamedi bin Ali hana. Wengine huandika jina la baba, wengine la babu, wengine kabila, na kwa hiyo ndugu wanne wa tumbo moja wanaweza kukaa katika mti kana kwamba ni wa nyumba nne. Jamaa wenye busara hupatana kwanza, kabla ya kuandika mtu yeyote, kwamba watafuata mtindo upi, na bin na binti vitaandikwa wapi. Kikao hicho kinachosha, na ndicho chenye faida kuliko vyote.

Wadigo, ambao ni wengi katika kaunti hii ya Kwale, wana shida kubwa zaidi. Kwa mila yao ya asili mali na udugu wa ukoo, yaani fuko, vilipitia kwa mama, mpwa akamrithi mjomba, kabla sheria ya Kiislamu na ile ya serikali hazijavuta urithi upande wa baba. Mti wa mtandaoni unaweza kuonyesha mama, ndiyo, lakini umejengwa ukielekea kwa baba, jina likishuka mkono wa kiume. Mtu mwenye nia ya kuandika nasaba ya Kidigo inambidi aupande mti kwa upande ambao wengine huushukia. Nimeona inafanyika, na inapendeza, maana ghafla wanawake ambao katika orodha za kina baba hutajwa kama "mke" tu wanakuwa ndio nguzo.

Kuna na ndugu wa kunyonya. Watoto wawili walionyonya ziwa la mama mmoja hawaoani, na hilo ni jambo ambalo kila familia ya Kiislamu hapa inapaswa kulijua kabla ya posa kupelekwa. Hakuna kisanduku chake. Damu inahesabiwa, ndoa inahesabiwa, kuasili kunahesabiwa, maziwa hayahesabiwi. Watunza nasaba wanaojua umuhimu wake huliandika katika maelezo ya ukurasa wa mama aliyenyonyesha. Ndoa za binamu nazo huupinda mti, kwa kuwa mtu mmoja anaweza kuwa babu mkuu wako kwa njia mbili, kwa baba na kwa mama. Mchoro wa mashine humweka mara mbili. Wazee hawakuhitaji mchoro, walisema tu: hawa wamerudiana.

Sehemu ngumu kuliko zote ni pale nasaba inapokatika kwa sababu ya watu, wala si kwa kusahau. Wahenga wanasema mwacha asili ni mtumwa. Mtunza nasaba wa pwani anajua ukatili ulio ndani ya maneno hayo, maana mtumwa hakuiacha asili yake, alinyang'anywa. Hali ya utumwa iliondolewa kisheria katika pwani ya Kenya mwaka 1907. Wengi walioachwa huru walichukua jina na ukoo wa nyumba walizotumikia, na wajukuu wao leo wamo katika nasaba hizo kwa haki ya kuzaliwa, kuoana na kuzikana pamoja. Je, uandike? Nimesikia wanaosema ukweli ni ukweli. Mimi naafikiana na wale wanaowauliza kwanza wazao wenyewe. Wakitaka bibi yao atajwe kwamba alitoka Nyasa na jina lake la kwanza halijulikani, aandikwe kwa heshima zote. Wasipotaka, ukurasa unaweza kusubiri. Asiyeweza kusubiri ni bora aongeze ukoo wa jirani.

Na kuna ugonjwa wa upande wa pili, hamu ya kufika Shirazi au Makka kabla ya jua kutua. Unaufahamu kwa dalili zake: vizazi vinne vya mwisho vina makaburi na wajane na kesi za minazi, kisha ghafla majina yananyooka, kila mtu ana mtoto mmoja wa kiume, hakuna mama hata mmoja, na baada ya hatua kumi na mbili unatua kwa mfalme. Mafundi hawacheki hadharani. Hukata mti pale ushahidi ulipoishia, na lile la juu hulihifadhi kama masimulizi, likiwa na jina la aliyelisimulia.

Nasaba si mchezo wa waliostaafu katika kaunti hii. Oktoba 2016 Wamakonde wa Kwale, ambao wazee wao walitoka Msumbiji kuja kufanya kazi katika mashamba ya miwa na mkonge, waliandamana mpaka Nairobi kudai uraia, na wakapata vitambulisho. Wapemba walioishi kwa vizazi kwenye pwani hii wakivua, wengine wakiwa wamefika baada ya 1964, walitambuliwa na serikali mwaka 2023. Mtu anayeishi karibu na mpaka amezoea kuulizwa babu yake ni nani na alizaliwa wapi, na anayeuliza amekaa nyuma ya meza. Ndiyo sababu mafundi hutia bidii sana katika kuandika chanzo cha kila neno: nani alisema, ana uhusiano gani na anayesemwa, ilikuwa wapi, tarehe gani, na sauti yake imehifadhiwa wapi. Daftari la ndoa la kadhi, ambalo sheria ya Kenya imelitambua tangu 1906, lina uzito wake. Sauti ya bibi wa miaka tisini akihesabu wenzake wa tumbo moja ina wake, ikiwa imeandikwa vizuri.

Sababu hiyo hiyo inawafanya wawe wagumu kuhusu walio hai. FamilySearch na WikiTree huwaficha walio hai ili wageni wasiwaone, lakini kundi la WhatsApp la ukoo halina pazia. Nimeshuhudia nambari ya kitambulisho ya mtu ikitumwa kwa jamaa mia mbili kwa sababu tu ilikuwa kwenye picha ya cheti cha marehemu baba yake. Mtunza nasaba mzuri hukata picha hiyo kabla hajaituma, na humwandikia faraghani aliyeituma bila kukata.

Zamani akifa mwenye daftari, daftari lilikwenda kwa mtoto ambaye huenda hakulitaka, mvua na mchwa wakamaliza yaliyobaki. Mti wa pamoja hauna mwenyewe mmoja wa kufa nao. Anayekuja nyuma haanzi upya. Anafungua ukurasa wa Mwanahamisi wa Wasini, anakuta mzazi mwenye alama ya shaka, anasoma sababu: vita vya Jasini upande huu, mafuriko ya 1961 upande ule, sauti mbili, majina ya waliosema. Huenda yeye anamfahamu mtu Moa ambaye hakuna aliyewahi kumwuliza. Anampigia simu.